Maswali ya wasomaji: BMW, Mercedes, Audi au Mark X?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu sedani za kifahari zilizotumika, zile zenye injini ya kukimbia na viti vya ngozi, ambazo bei yake huko Japani imeshuka hadi mtu wa mshahara ameanza kupiga hesabu. Tumechagua nane ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Nyingine tumezifupisha.

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nimejichanga na sasa naweza kuagiza sedani moja ya maana. Nimebaki na nne: BMW 320i ya umbo la F30, Mercedes-Benz C180 ya W205, Audi A4 na Toyota Mark X. Nasafiri Dodoma hadi Dar na familia karibu kila wiki mbili, kwa hiyo kwangu usalama kwanza. Jamaa wa BMW ananionyesha alama za Ulaya na kusema lake limeyashinda yote. Ni kweli? (R.K., Dodoma)

JIBU: Alama ni za kweli, ndugu R.K., ila mtihani haukuwa mmoja. Shirika la Euro NCAP liliipima F30 mwaka 2012 likaipa asilimia 95 kwa kumlinda mtu mzima na 86 kwa mifumo ya kusaidia usalama. W205 ilipimwa 2014 ikapata 92 na 70. Audi A4 ya umbo la B9 ilipimwa 2015 ikapata 90 na 75. Zote tatu zina nyota tano. Ukisoma harakaharaka utaona BMW imewaacha wenzake mbali kwenye ile namba ya pili. Lakini ni mwaka 2014 ndipo Euro NCAP walipoanza kuhesabu breki zinazojifunga zenyewe gari linapokaribia kugonga, na F30 haikuulizwa swali hilo. Kulinganisha 86 ya 2012 na 70 ya 2014 ni kulinganisha watoto wa madarasa mawili tofauti. Mark X nayo haikuuzwa Ulaya, kwa hiyo haimo kabisa kwenye daftari lao. Kutokuwamo si kufeli.

Kwa barabara yako, yenye njia mbili na malori yanayopishana bila ukuta katikati, kuna kipimo kingine chenye maana zaidi. Mwaka 2012 taasisi ya IIHS ya Marekani ilianza kugongesha robo tu ya upana wa mbele wa gari, asilimia 25, kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, kwenye kizuizi kigumu chenye kimo cha mita moja na nusu. Ndivyo magari yanavyogongana dereva anapojaribu kukwepa dakika ya mwisho. Kundi la kwanza kupimwa lilikuwa sedani kumi na moja za kifahari na zinazokaribia ufahari, na matokeo yaliwashtua wengi. Acura TL na Volvo S60 zilipata daraja la juu. BMW 3 ilipata daraja la pili kutoka chini. Audi A4, Mercedes C-Class na Lexus IS zilianguka daraja la mwisho kabisa.

Sababu iko kwenye mifupa ya gari. Zile reli mbili za chuma zinazobeba kishindo hukaa katikati, kati ya magurudumu. Pigo la pembeni huzikosa, likaangukia gurudumu, na gurudumu husukumwa nyuma hadi kwenye miguu ya dereva. Volvo walikuwa wamelifikiria pigo hilo mapema. Wengine walijipanga baadaye.

Angalia vizuri ni magari gani yaliyoanguka: Mercedes ilikuwa W204, Audi ilikuwa B8, na Lexus ilikuwa IS ya kizazi cha pili. Ndizo hizohizo zinazouzwa bei ya kuvutia leo. W205 na B9 ni miundo mipya iliyotoka baadaye. Kwa hiyo "A4" peke yake haitoshi kwenye oda yako. Andika umbo na mwaka. Jambo moja la kupunguza uhakika: magari yaliyopimwa yalikuwa na usukani wa kushoto na yaligongwa upande wa dereva, na IIHS wenyewe waligundua baadaye kwamba baadhi ya watengenezaji waliimarisha upande huo mmoja tu. Yachukue matokeo kama dalili, si cheti.

Kati ya nne zako, kwa safari hizo, sisi tungechukua W205 au A4 B9. Mark X ingefuata kama ni ya baada ya marekebisho ya Novemba 2016, ilipowekewa kifurushi cha Toyota Safety Sense P chenye rada na kamera. F30 ni gari tamu zaidi barabarani kuliko zote hizo, na hilo hatulipingi, ila kuna jambo la injini yake ambalo tunalieleza kwenye barua ya tatu.

Sasa lile litakalokuokoa kuliko nyota zote: hakikisha gari halijagongwa. Gari la nyota tano lililokatwa na kuchomelewa upya halina nyota hata moja. Omba karatasi ya mnada. Daraja 4 na 4.5 ni salama kwa kawaida. R au RA maana yake mifupa imeguswa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari likifika, pima unene wa rangi kwa kifaa chake: kati ya maikromita 80 na 150 ni rangi ya kiwandani, ukiona zaidi ya 300 chini yake kuna puti ya kujazia. Fungua boneti utazame bolti za madigadi. Alama za spana kwenye vichwa vyake zinasema mengi. Kwa Mercedes yenye mfumo wa kufuata gari la mbele, nyota ya kwenye grili huwa bapa na laini kama kioo, kwa sababu rada iko nyuma yake. Ukikuta nyota yenye mikunjo kwenye gari lililoandikwa kuwa na mfumo huo, kuna mtu amebadilisha grili, na rada huenda haioni kitu.

SWALI: Nimeambiwa Mark X ndiyo gari la mtu mwenye akili na Mercedes C200 ni la kujionyesha. Bajeti yangu inafika kwa zote mbili. Tofauti ya thamani iko wapi hasa? (N.W., Nakuru)

JIBU: Tuanze na serikali, maana ndiyo mshirika wako wa kwanza katika ununuzi huu. Kwa utaratibu wa Kenya wa miaka hii, ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, asilimia 25 juu ya hapo, na asilimia 35 kwa injini kubwa kabisa. C180 za mwanzo za W205 zina cc 1595, yaani zimevuka mstari kwa cc 95 tu. C200 za mwanzo zina 1991. Lakini C200 iliyofanyiwa marekebisho 2018 ina injini ya cc 1497 yenye msaada wa umeme wa volti 48, na inaingia daraja la chini. Mark X ya 2.5 ni cc 2499.

Usifurahi mapema, kwa sababu asilimia hizo hazihesabiwi kwenye bei uliyomlipa Mjapani. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wana orodha yao ya thamani ya gari likiwa jipya, wanashusha kwa umri, halafu ndipo wanatoza. Asilimia 20 ya Mercedes inaweza kuzidi asilimia 25 ya Toyota. Weka modeli kamili kwenye kikokotoo chao kabla ya kutuma hata senti. Na kumbuka sharti la miaka minane tangu usajili wa kwanza.

Kwa wasomaji wa Tanzania hesabu inageuka: cc 1000 hadi 2000 ni asilimia 5, juu ya 2000 ni asilimia 10, kwa hiyo hapo Mark X ndiyo inayobanwa. Juu yake kuna ile nyongeza ya uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililozidi kumi, na hiyo ndiyo huwaliza wengi wanaoagiza gari la zamani wakidhani wanaokoa.

Sasa garini kwenyewe. Mark X ya GRX130 ina nguvu farasi 203, C200 ya cc 1991 ina 184. Kwenye karatasi Toyota imeshinda. Nakuru, hapana. Uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko kwa sababu hewa ni nyepesi. Tabo ya C200 inaifidia hewa hiyo kwa kusukuma zaidi. Isitoshe C200 inatoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm 300 kuanzia mizunguko 1,200 kwa dakika, wakati Mark X inafikia Nm 243 kwenye 4,800. Ukipanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori utaijua maana ya namba hizo.

Mark X inalipiza kwenye gereji. Injini yake ya 4GR-FSE haina tabo, cheni yake ni imara, na spea zake ziko Kirinyaga Road mpaka Gerezani pale Kariakoo. Ugonjwa wake mmoja mkubwa ni masizi. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha. Masizi yanajijenga hadi injini inatetemeka ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, hasa asubuhi. Mafundi wengi hubadilisha plagi, kisha koili, kisha sensa, na mtetemo uko palepale. Dawa ni kuvua manifodi ya hewa na kusafisha vali kwa mkono au kwa kupuliza maganda ya walinati yaliyosagwa. Dawa za kumimina kwenye tangi hazifiki pale. Kama unatafuta Mark X ya zamani ya GRX120, jua kwamba ile ilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu. GRX130 ya 2.5 inakula ya kawaida.

C200 ya kabla ya 2018 inadai vitu vitatu. Oili yenye kibali cha MB 229.5, na ibadilishwe kila kilomita 7,000 hadi 8,000 bila kusubiri dashibodi ikukumbushe. Mafuta ya giaboksi pamoja na filta kila kilomita 60,000. Na zile sumaku za kamshafti (shafti inayofungua vali) mbele ya kichwa cha injini zikaguliwe: zikivuja, oili hupanda ndani ya waya kama utambi hadi ifike kwenye sensa na kompyuta ya injini. Chomoa plagi ya sumaku; ukikuta mafuta ndani ya soketi, badilisha sumaku na uweke kipande cha waya cha kuzuia oili. Kilichokuwa kazi ya saa moja kikiachwa kinageuka waya mzima wa injini.

Uamuzi wetu: kama baada ya kulipa gari, ushuru na bima utabaki na angalau asilimia 20 ya bei ya gari kwa ajili ya mwaka wa kwanza, chukua C200. Kama utabaki mkavu, chukua Mark X na usimsikilize mtu.

SWALI: BMW 320i yangu ya 2013 imeanza kutoa mluzi mwembamba mbele ya injini, unapanda nikikanyaga mafuta. Fundi anasema ni beringi ya feni belti. Amebadilisha, mluzi haujaisha. (J.M., Mwanza)

JIBU: Simamisha gari, kaka. Hiyo ni injini ya N20, na mluzi unaopanda na mizunguko ukitokea chini mbele ni dalili inayojulikana ya cheni. Ndani kuna cheni mbili: moja inaendesha kamshafti, nyingine inaendesha pampu ya oili. Reli zinazoongoza cheni ni za plastiki, na kwenye injini za miaka ya mwanzo hadi takriban mwanzo wa 2015 plastiki hiyo hukauka, ikapasuka, na vipande vikadondoka kwenye karai la oili. Cheni ya pampu ikikatika, oili haizunguki na injini inakufa ndani ya dakika chache.

Hakikisha hivi. Belti ya nje ivuliwe kabisa, kisha washa injini sekunde kumi tu. Mluzi ukiwapo, si beringi ya nje. Kisha toa oili na ukate filta kwa mkasi, uitandaze: vipande vya plastiki ya kahawia au nyeusi vimemaliza ubishi. Karai la chini livuliwe kuokota vilivyobaki, vinginevyo vitaziba mdomo wa pampu.

Matengenezo ni seti nzima: cheni zote mbili, reli, kikazi kinachozikaza, na bolti mpya. Fundi lazima awe na vifaa maalumu vya kufunga krenki na kamshafti za N20, kwa sababu gia hazina kabari inayozishikilia kwenye shafti. Hushikwa na mkazo wa bolti tu. Atakayekuambia atatia alama kwa rangi nyeupe, mshukuru uende zako.

Kwa anayenunua: 320i nyingi zilizotoka baada ya marekebisho ya mwishoni mwa 2015 zina injini mpya ya B48, na huo ndio mpaka tunaoushauri. N20 nayo ina pampu ya maji ya umeme inayoweza kufa ghafla, mara nyingi kuanzia kilomita laki moja. Onyo la joto likitokea kwenye F30, zima papo hapo. Usijiambie utafika hapo mbele. Na kwa kuwa F30 haina kijiti cha kupimia oili, jifunze kusoma kiwango kwenye menyu, injini ikiwa imepata moto na gari likiwa mahali tambarare.

SWALI: Nakaa Nyali. Nataka gari ambalo ndani mwake hamtachakaa kwa joto la huku. Mume wangu anapenda Lexus, mimi napenda Mercedes. Pia watoto watatu nyuma. (Bi S.A., Mombasa)

JIBU: Bi S.A., kwa macho W205 inashinda. Mpangilio wa katikati, vitufe vya chuma na matundu ya hewa ya duara yanaifanya ionekane ya bei mara mbili ya F30, ambayo ndani yake ni safi lakini kavu. A4 B9 ndiyo iliyofungwa vizuri zaidi kuliko zote. Gonga popote, hakuna kinacholia. Ila uzuri wa siku ya kwanza si ndio unaoulizia.

Lexus IS za kizazi cha pili, hasa za 2006 hadi 2008, zilipata sifa mbaya ya dashibodi kuyeyuka. Joto na unyevu viliifanya plastiki ya juu ing'ae na kunata kama kashata, na huko Marekani Toyota ilibidi ibadilishe dashibodi nyingi kwa gharama yake. Mombasa ina joto na unyevu vyote viwili. Bonyeza dashibodi kwa kidole mchana wa jua. Ikiacha alama ya kidole, achana nayo. Kizazi cha tatu, kuanzia 2013, hakina sifa hiyo.

Kwenye W205 kagua ule ubao mweusi unaong'aa wa katikati. Unakwaruzika kwa vumbi na kitambaa kikavu, na ukishakwaruzika ni kuubadilisha au kuufunika kwa stika. Kagua pia kitambaa cha dari kwenye kila gari la Kijerumani: gundi inachoka kwa joto na kitambaa kinashuka, kwanza juu ya kioo cha nyuma. Fundi wa viti analishughulikia hilo kwa siku moja, lakini dari nzima lazima ishushwe.

Uliza viti ni vya nini hasa. Mercedes nyingi zinazoitwa za ngozi ni ARTICO, yaani ngozi ya bandia, na BMW wana yao iitwayo Sensatec. Kwa pwani na watoto watatu, hiyo si kasoro. Haipasuki kwa jua kama ngozi halisi isiyopakwa mafuta, na juisi inafutika. Tunaishauri. Usipake yale mafuta ya kung'arisha yenye silikoni. Yanavuta vumbi na kuakisi mwanga kwenye kioo cha mbele.

Watoto watatu: umbali kati ya magurudumu ni milimita 2,810 kwa F30, 2,820 kwa A4 B9, 2,840 kwa W205 na 2,850 kwa Mark X. IS ni 2,800, na miguu ya nyuma inaisikia. Yote yana nundu katikati ya sakafu, kwa hiyo wa katikati awe mdogo. Buti za Wajerumani wote watatu zimeandikwa lita 480, utadhani walikaa kikao kimoja. Viti vya watoto vya kufunga kwa ISOFIX huingia kwenye nafasi mbili za pembeni tu.

Mambo mawili ya magari yote yatokayo Japani. Redio ya huko inaishia karibu na 90 au 95 MHz, yetu inakwenda hadi 108, na skrini iko kwa Kijapani. BMW, Mercedes na Audi zinaweza kubadilishwa lugha na eneo la redio kwa kompyuta bila kung'oa kitu, mradi fundi anajua kazi. Skrini nyingi za Toyota na Lexus za soko la Japani hazibadiliki, utanunua nyingine. Liingize hilo kwenye bei. Na uweke wavu nyuma ya grili ya chini, kwa sababu kondensa ya AC ya magari haya iko chini mbele na kokoto moja inatosha kukuacha bila baridi.

SWALI: Shikamooni. Nimeona W204 nzuri ya 2010, ila taa ya eabegi inawaka. Muuzaji anasema ni sensa tu ya kiti. (Kijana wenu, Tanga)

JIBU: Marahaba. Inaweza kuwa sensa ya kiti kweli, maana ile ya abiria wa mbele kwenye Mercedes huharibika. Lakini taa ikiwaka, mfumo mzima unaweza kuwa umejizima. Mlete fundi mwenye mashine inayosoma moduli zote, si ya injini peke yake. Kosa la sensa linaandikwa kwa jina. Likiandikwa "data ya ajali imehifadhiwa" au ukinzani wa mkanda uko nje ya kiwango, huenda eabegi au mkanda ulishalipuka.

Kinyume chake ni kibaya zaidi: taa isiyowaka kabisa. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka, au ikizima sambamba na taa nyingine kama ya oili, kuna mtu ameiunganisha waya ili ikudanganye. Vuta mikanda yote hadi mwisho: uliofanya kazi kwenye ajali mara nyingi hukwama au una alama ya kuungua kwenye kitambaa.

Halafu kuna suala la Takata. Vilipushi vya eabegi vya kampuni hiyo vilitumia amoniamu naitreti, ambayo ikiishi miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika na kulipuka kupita kiasi, ikirusha vipande vya chuma kwa dereva. W204, BMW E90 na Lexus IS za 2006 hadi 2013 zimo kwenye orodha za kurudishwa. Tanga ndiyo hali ya hewa inayoviharibu. Chukua namba ya chasesi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama kazi ilifanyika. Halafu, kwa W204, uliza pia kufuli ya umeme ya usukani. Mota yake ikifa ufunguo hautambuliwi na gari halizungushi hata stata.

SWALI: BMW yangu haina tairi la akiba wala jeki. Nimeibiwa? (P.L., Arusha)

JIBU: Hujaibiwa. F30 nyingi zilitoka na tairi zenye kuta ngumu zinazoweza kwenda kilomita 80 zikiwa hazina upepo, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Tatizo ni kwamba kwenye mashimo yetu kuta hizo huvimba na rimu hupinda, na hapo kilomita 80 zinaweza zisikufikishe popote. Ukiamua kuweka tairi za kawaida, weka zote nne, nunua tairi dogo la akiba, jeki na pampu ya kuchomeka. Usichanganye aina mbili kwenye ekseli moja. Kwa 225/50 R17 tafuta 94W: 94 ni kilo 670 kwa tairi, W ni kilomita 270 kwa saa. Tarakimu nne za mwisho za DOT, ule msimbo wa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukisoma 0817, ni wiki ya nane ya 2017. Hata kama ina meno, iache dukani.

SWALI: Niko Maskati, nina Lexus IS niliyoinunua hapa. Nataka kuipeleka nyumbani Mombasa. (H.S., Oman)

JIBU: Haitaingia, bwana. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, na la Oman ni la kushoto. Kuhamisha usukani kwenye gari lenye eabegi ya goti na usukani wa umeme ni kuharibu kile kilicholifanya liwe na thamani. Liuze huko, uagize la Japani. Na ukiona ndugu analetewa Lexus ya bei ya kutupa kutoka Sharjah, aulize kama ililetwa kutoka Marekani ikiwa imeandikwa mkweche. Magari mengi ya ajali hutengenezwa pale kwa sura tu, eabegi zikiwa kasha tupu.

SWALI: Toyota Crown Athlete ya haibridi au Lexus IS300h? Naogopa betri. (D.B., Dar es Salaam)

JIBU: Chini ya ngozi zote mbili zina mtambo uleule: injini ya 2AR-FSE ya lita 2.5 na betri ya nikeli iliyokaa nyuma ya gari. Crown ina nafasi na ulaini, IS ina kona. Injini hii hupuliza petroli sehemu mbili, kwenye bomba la hewa na ndani ya silinda, kwa hiyo haina ule ugonjwa wa masizi wa 4GR ya Mark X.

Betri haifi kwa sababu ya kilomita peke yake. Inakufa kwa joto. Feni inayoipoza huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Ukiliziba kwa mto, begi au nywele za mbwa, betri inapikwa kwenye foleni ya Morogoro Road. Ng'oa kifuniko cha tundu kila kilomita 20,000, safisha filta na panga za feni. Kabla ya kununua, chomeka kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) chenye programu inayosoma volti za kila kundi la seli, endesha kwa kukanyaga na kuachia kwa dakika kumi na tano, AC ikiwa imewashwa. Makundi yote yapande na kushuka pamoja. Moja likizama peke yake kila unapokanyaga, hilo ndilo litakaloangusha wenzake, na bei ishuke kwa thamani ya betri nzima, si ya kundi moja. Betri ndogo ya volti 12 nayo iko kwenye buti, ni ya aina ya AGM yenye bomba la kutolea hewa nje. Ukiibadilisha, usiweke ya kawaida ya asidi, kwa sababu mvuke wake utabaki ndani ya gari.